Neno "run" na sentensi isiyo na mtu anayekimbia

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Nimesoma Kiingereza tangu shule ya msingi na kazini nakitumia kila siku, lakini kuna neno moja linanitoa jasho: 'run'. Nilifundishwa kwamba ni kukimbia, basi. Juzi nimepewa taarifa niitafsiri, nikakuta sentensi hii: 'The company he had run for twenty years ran into trouble when the money ran out.' Neno lenyewe limo mara 3 na sioni anayekimbia. Nikafungua kamusi, maana zikawa nyingi hadi nikaifunga. Neno hili lina maana ngapi hasa? Na nitazikariri vipi zote?"

Marahaba, ndugu yangu. Umeuliza mambo mawili, idadi na namna ya kujifunza, nami nitakujibu yote mawili. Ila nitakaa zaidi kwenye jambo ambalo hukuuliza: limekuwaje neno moja likabeba mzigo wote huo. Ukilishika hilo, kukariri kutabaki kudogo sana.

Tuanze na idadi. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ina majuzuu 20. Katika toleo hilo kitenzi kilichokula nafasi kuliko vyote kilikuwa "set": yalihitajika maneno yapatayo 60,000 kueleza matumizi yake yapatayo 580. Baadaye wahariri walipoanza kuipitia kamusi upya, "make" kikachukua nafasi ya kwanza mwaka 2000, "put" kikakipita mwaka 2007, na mwaka 2011 "run" kikavipita vyote kwa maana 645. Mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alitumia takriban miezi 9 kwa kitenzi hicho kimoja.

Idadi hiyo isikutishe. Kamusi ya Oxford huandika historia ya kila neno, kwa hiyo humo mmezikwa maana ambazo watu waliacha kuzitumia karne nyingi zilizopita, pamoja na maana za mabaharia, wawindaji na mafundi wa kazi moja tu. Hata mtu aliyezaliwa na Kiingereza hazijui nyingi kati ya hizo, na anaishi vizuri bila kuzijua.

Sasa nikugeuzie swali. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikuuliza "kupiga" ni nini, utamjibuje? Utamwambia ni kumchapa mtu au kitu kwa mkono au fimbo. Kesho yake atakusikia unapiga simu, unapiga pasi, unapiga mswaki. Jirani anapiga hodi, muumini anapiga magoti, wananchi wanapiga kura, serikali inapiga marufuku, na mtu aliyeona ajabu amepigwa na butwaa. Hukuwahi kukaa chini ukakariri hata moja kati ya hizo. Sikio lako halimsubiri "piga" aseme kitu peke yake. Linasubiri neno linalomfuata. Ukisikia "pasi" umeshaona nguo na joto, ukisikia "hodi" umeshaona mlango. Mzaliwa wa Kiingereza naye husikia "run" hivyo hivyo. Neno lenyewe linambebea kidogo sana mpaka majirani zake wafike.

Lakini kati ya "piga" na "run" kuna tofauti moja, na hiyo ndiyo inayowaangusha wanafunzi wetu.

Nilikuwa nafundisha darasa la tafsiri. Nikaandika ubaoni: "He ran the hospital for ten years." Mwanafunzi mmoja, hodari kweli, akaandika: "Aliikimbia hospitali kwa miaka 10." Itazame sentensi hiyo. Sarufi yake haina doa. Tena mtu wa kawaida akiisoma hatastuka, ataelewa. Tatizo ni kile atakachoelewa: kwamba mtu huyo alitoroka, akakaa miaka 10 bila kukanyaga hospitali. Mtu aliyeibeba hospitali mabegani amegeuzwa mtoro. Nilisimama na karatasi ile mkononi kwa muda, kwa sababu niliona kosa halikuwa la uvivu wala la kutojua kamusi. Lilikuwa kosa la mtu anayefikiri vizuri kwa Kiswahili.

Kiswahili chetu hubadilisha mkia wa kitenzi. Mtoto anaweza kumkimbia mama yake, anaweza kumkimbilia, na mama anaweza kumkimbiza. Mzizi ni mmoja, ila ile silabi moja inayoingia katikati inageuza kila kitu: wa kwanza anatoroka, wa pili anatafuta mikono ya kumpokea, wa tatu anafukuza. Chukua "kwenda": tunapata kuendea, kuendesha, kuendeshwa, kuendelea, na barabara mbovu tunasema haiendeki. Ndiyo maana "aliikimbia" haiwezi kuwa "aliiendesha". Kiswahili hakikuruhusu kuweka kitu mbele ya kitenzi kikavu halafu ukatumaini msomaji atajaza kauli ya kutendesha mwenyewe. Kiingereza kinaruhusu, na "run" ndiyo mfano wake mkubwa.

Na hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko yote katika habari ya neno hili. Zamani Kiingereza nacho kilikuwa na mikia. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, katika Kiingereza cha kale, "run" hii moja ilikuwa vitenzi viwili. Kimoja kilikuwa "rinnan", ambacho watu walikitamka pia "irnan": kukimbia, kutiririka, kwenda chenyewe bila kusukumwa. Cha pili kilikuwa "ærnan", kilichotoka kwenye mzizi uleule kwa kuongezewa kiambishi cha kutendesha, na kilitumika kwa mtu anayempanda farasi na kumwendesha mbio. Ni kama kukimbia na kukimbiza, au kwenda na kuendesha. Wajerumani bado wanavyo vyote viwili: "rinnen" kwao ni kuchuruzika kwa maji, na "rennen" ni kukimbia mbio. Waingereza waliviacha viungane. Wahamiaji kutoka Skandinavia walikuja na vitenzi vyao vya ukoo huohuo, matamshi yakasogeleana, miisho ya maneno ikapukutika, na mwishowe ikabaki silabi moja inayofanya kazi ya kutenda na ya kutendesha kwa pamoja.

Masalia ya kauli hiyo ya kutendesha bado yapo kwenye Kiingereza cha leo ukijua pa kutazama. "Fall" ni kuanguka, "fell" ni kuangusha mti. "Lie" ni kulala, "lay" ni kulaza. "Sit" ni kuketi, "set" ni kuketisha, yaani kuweka. Naam, ni "set" yuleyule aliyeshikilia rekodi mwaka 1989. Kumbe vitenzi viwili vilivyowachosha wahariri wa kamusi vyote vina damu ya kutendesha ndani yake.

Kwa hiyo ukikutana na "run", swali la kwanza liwe hili: je, kuna kitu kinachofuata moja kwa moja, bila neno dogo katikati? Kikiwepo, mara nyingi kauli ya kutendesha imejificha humo. "Run a hospital", "run a business", "run a country": kuendesha, kuongoza, kusimamia. "Run a machine": kuiendesha mashine. "Run a programme" kwenye kompyuta: kuiendesha programu, na ninasikitika kila ninapoona tafsiri za mashine zimeandika "kukimbia programu". "Run a bath": kufungulia maji yajae kwenye bafu. "Run a story", kwa watu wa magazeti: kuichapa habari. Kote humo kuna mtu anayefanya kitu kingine kiende.

Kanuni hiyo inagoma mahali pachache. "Run a fever" ni kuwa na homa, na hakuna mgonjwa anayeiendesha homa yake. "Run a risk" ni kujiweka hatarini. Hayo yachukue mazimamazima, kama mgeni anavyochukua "kula kiapo" na "kula hasara" bila kuuliza kiapo kina ladha gani.

Bado tupo hapohapo, angalia mtego wa umbo. Wakati uliopita wa "run" ni "ran", lakini baada ya "had", "has" au "is" linarudi kuwa "run" tena, sawasawa na la wakati uliopo. "The hospital is run by nurses" ni hospitali inayoendeshwa na wauguzi. Macho yanaona "run", akili inatafuta mkimbiaji, haimwoni, inakata tamaa. Ukiona "is run" au "was run", soma "inaendeshwa" au "iliendeshwa" na uendelee.

Kitu kisipofuata, tazama kiima: ni nani au nini kinacho-"run"? Kikiwa na miguu, kinakimbia, na huko shule ya msingi walikufundisha sawa. Kikiwa kimiminika, kinatiririka. Watu wengi hudhani maana hii ya majimaji ni sitiari, kwamba maji yamefananishwa na mkimbiaji. Nilidhani hivyo mwanzoni nami. Ukweli ni kwamba kutiririka kumo ndani ya neno tangu enzi za "rinnan", bega kwa bega na kukimbia. Ndiyo maana "run" linajaa kila mahali penye unyevu, na hapa mfasiri wa Kiswahili ana bahati, maana lugha yetu ni tajiri wa vitenzi vya majimaji. Machozi yanamtiririka. Kamasi zinamtoka. Damu inamchuruzika. Mfereji umeachwa wazi, maji yanamwagika. Siagi imeyeyuka. Nguo imechuja rangi. Mwingereza anatumia "run" kwa zote sita. Usiridhike na "tiririka" kila mara; jiulize kimiminika ni kipi na kinatoka kwa kasi gani, Kiswahili kitakupa kitenzi chake.

Kiima kikiwa mashine, "run" ni kufanya kazi au kuwaka. "The engine is running": injini inawaka. Kikiwa barabara, mpaka au uzio, ni kupita: "The road runs along the river", barabara inapita kando ya mto. Hili halitakusumbua, maana sisi nasi husema barabara inapanda mlima wakati haijasogea hata kidogo. Kikiwa kitu chenye muda, kama mkataba au maonyesho, ni kudumu au kuendelea. Kikiwa tabia au maradhi na ukaona "in the family", jambo hilo limo katika ukoo.

Sasa maneno madogo yanayofuata nyuma, "into", "out", "over", "down". Hapa Kiingereza kinafanya kwa vihusishi kile tunachofanya sisi kwa mkia wa kitenzi, na hapa ndipo nakuomba uweke nguvu.

"Run into" ina maana tatu kwenye kamusi: kugonga kitu kama ukuta, kukutana na mtu bila kutarajia, na kuingia katika shida. Mimi sizioni kuwa tatu. Zote ni habari ya mtu aliyekuwa anakwenda zake, kitu kikatokea mbele. Na Kiswahili kinalo neno linalobeba picha hiyohiyo: kukumbana. Umekumbana na rafiki njiani, umekumbana na matatizo.

"Run out" inahitaji jicho kali. Linganisha hizi mbili: "He ran out of the house" na "He ran out of patience." Maneno ni yaleyale hadi unapofika neno la mwisho. Ya kwanza: alitoka nje ya nyumba mbio. Ya pili: uvumilivu ulimwisha. Nyumba ina mlango wa kutokea, uvumilivu hauna. Zaidi ya hapo tazama jinsi Kiswahili kinavyoipanga habari. Mwingereza husema "We ran out of water", watu ndio kiima. Sisi tunaweza kuyaweka maji mbele, "maji yametuishia", au kujiweka wenyewe kwa kauli ya kutendwa, "tumeishiwa maji". Hiyo "kuishiwa" ni hazina. Inasema kwa neno moja kwamba kitu kimekwisha na kwamba kuna mtu aliyebaki bila kitu. Itumie.

"Run over" ya gari ni kumgonga mtu au mnyama na kumpitia juu. Ya chombo cha maji ni kufurika. Ya mkutano ni kupitiliza muda. Ukingo umevukwa, kote. "Run down" ni betri iliyokwisha chaji, jengo lililochakaa, mtu aliyedhoofika kwa uchovu, na pia kumsema mtu vibaya. "Run through" ni kupitia jambo harakaharaka. "Run away" ni kutoroka, na hilo wala halina kona.

Likiwa nomino, "run" lina mambo mengi ya kupendeza lakini nitakupa mawili tu. Kwenye kriketi "run" ni alama. Jina limetokana na wapigaji wawili kubadilishana ncha za uwanja mwembamba wa kati wenye urefu wa takriban mita 20. Hata hivyo, mpira ukipigwa ukavuka mpaka wa kiwanja bila kugusa ardhi, mpigaji hupewa "run" 6 papo hapo bila kusogeza mguu. Kwenye fedha kuna "a run on the bank": wateja wote wanataka akiba zao siku moja kwa hofu kwamba benki itaanguka, na hofu hiyo yenyewe inaweza kuiangusha. Tarehe 9 Machi 2023, wateja wa Silicon Valley Bank ya Marekani walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku hiyo moja, wengi wakiwa wamekaa, wakibonyeza simu na kompyuta. Hapa Kiswahili kinaturuhusu kurudi kwenye mbio, ila kwa mkia sahihi: wateja walikimbilia fedha zao. Ukisema walizikimbia, umeharibu.

Na siasa nisiiache, maana utakutana nayo kila mara kwenye habari. Mmarekani anayewania urais husemwa "is running". Mwingereza anayewania ubunge kwa desturi husemwa "is standing". Mmoja anakimbia, mwingine anasimama, na wote wanatafuta kitu kilekile. Kiswahili kinasema anagombea, neno lililotoka kwenye kugomba. Kila lugha imeuona uchaguzi kwa picha yake, na ukiihamisha picha ya wenzetu kama ilivyo, msomaji wako atamwona mgombea aliyevaa raba.

Sasa namna ya kujifunza. Usitengeneze orodha ya maana. Tengeneza daftari la sentensi. Ukikutana na "run" katika kazi yako, andika sentensi nzima ya Kiingereza, na chini yake andika jinsi wewe ungelisema jambo hilo kwa mtu wa nyumbani kwako ambaye hajui Kiingereza kabisa. Chora mstari chini ya kitenzi cha Kiswahili ulichotumia. Baada ya miezi michache utaona vitenzi vyako vimejipanga vyenyewe: endesha hapa, tiririka kule, isha, kumbana, pita. Makundi hayo utakuwa umeyapata kwa mkono wako na hayatakutoka. Kamusi uitumie kuhakiki, na usome mifano yake kabla ya maelezo, kwa sababu majirani wa neno wamo kwenye mifano.

Turudi kwenye sentensi yako. "The company he had run for twenty years": "run" iko baada ya "had", kwa hiyo ni tendo lililokwisha, na kitu chake, kampuni, kimetangulia mbele. Ni kuongoza, ningechagua hilo kuliko kuendesha kwa kuwa miaka 20 inanusa uongozi zaidi kuliko usimamizi wa siku kwa siku. "Ran into trouble" ni kukumbana na matatizo, na kwa kuwa yaliijia kampuni yenyewe, kauli ya kutendwa inakaa vizuri zaidi: kukumbwa. "When the money ran out": ni fedha kwisha, na aliyebaki mikono mitupu ni kampuni, kwa hiyo kuishiwa. "Run" tatu, vitenzi vitatu tofauti, na kila kimoja kina mkia wake:

"Kampuni aliyokuwa ameiongoza kwa miaka 20 ilikumbwa na matatizo ilipoishiwa fedha."